Katika Kuchagua na Kutumia Mashine ya Mkate

Mtu anunuaye mashine ya mkate kwa kuamini kwamba atatia unga, maji na hamira, atabonyeza kitufe, ataondoka, na akirudi atakuta mkate uliotimia, hakukosea sana, kwa kuwa siku nyingi huwa hivyo. Lakini katika miji yetu ya pwani, ambako jiko la adhuhuri lina joto ambalo halikuwamo katika hesabu za waliobuni chombo hicho, na katika nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi na maji ya bomba ni baridi, mtu yule yule hupata leo mkate mzuri, kesho mkate uliobonyea utosi, na kesho kutwa mkate mgumu uliokataa kuumuka, asijue lililobadilika ilhali yeye hakubadili kitu. Mwishowe huichoka mashine, akaifunika kitambaa na kuiweka juu ya kabati. Mashine zilizoishia hivyo nimeziona katika nyumba za watu hodari wa mapishi, na kwa insafu siwezi kuwalaumu wao wala kukilaumu chombo: hawakuambiwa tu kwamba mashine huenda kwa saa na unga huenda kwa joto, na kwamba mambo hayo mawili hayapatani yenyewe, ila awepo mtu wa kuyapatanisha. Ushauri ninaotaka kuutoa hapa, tangu dukani hata jikoni, wote unatoka katika jambo hilo moja.

Mashine yenyewe ni sanduku lenye chombo kimoja ndani, na chini ya chombo hicho mna kibapa cha chuma kinachozungushwa na mota, na kandokando yake umepita waya wa moto. Chombo hicho ndicho bakuli la kukandia, ndicho mahali pa kuumulia, na ndicho kopo la kuokea. Kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo bidhaa zake tunazijua kwa jina la Panasonic, iliitoa mashine yake ya kwanza ya namna hii sokoni mwaka 1987, na habari ya kutengenezwa kwake ina faida kwa mnunuzi wa leo. Majaribio ya awali yalitoa mkate ulioungua ganda na kubaki mbichi moyoni, na mafundi kwa kupima na kulinganisha kwao kote hawakuiona sababu. Ndipo Ikuko Tanaka, aliyekuwa mtunga programu katika kampuni hiyo, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli ya Osaka International, ambayo mkate wake ulisifiwa mjini, akatambua kwamba bwana yule hakuwa akikanda kwa kukandamiza tu, bali alilivuta donge na kulisokota. Mafundi wakaliiga jambo hilo kwa kutia mbavu ndani ya chombo, ili donge lizungushwapo na kibapa lishikwe na mbavu zile, livutike na kusokoteka. Kwa hiyo ukiwa dukani fungua kifuniko, toa chombo, upitishe kidole katika kuta zake. Chombo cha duara chenye kuta laini zisizo na mwinuko wowote huelekea kulizungusha donge pasipo kulikanda.

Si kila nyumba inayoihitaji. Nyumba ambayo mkate huliwa kila siku au kila baada ya siku moja, nyumba yenye mgonjwa aliyeambiwa na tabibu apunguze chumvi au sukari, nyumba iliyo mbali na mwokaji, na nyumba ya mtu mzima ambaye vifundo vya mikono havimruhusu tena kukanda, hizo zitafaidika nayo bila shaka. Katika kupima gharama, pima kwa uzito usipime kwa idadi, kwa sababu mfuko wa unga wa kilo 2 hutoa mikate minne ya gramu 500 za unga, na kila mmoja ukishaokwa huwa na karibu gramu 750 hadi 800, ilhali mkate wa kawaida wa madukani huko Kenya ni wa gramu 400. Umeme wa mkate mmoja aghalabu haufiki nusu ya yuniti, kwa maana chumba cha moto ni kidogo na kimefungwa. Tanuri la umeme, ambalo sharti lipashwe moto kwanza likiwa tupu, hula zaidi ya hapo. Lakini nyumba ambayo mkate huonekana siku ya Idi na siku ya mgeni tu, hiyo nasema wazi iendelee kununua kwa mwokaji, na fedha ya mashine itiwe katika jambo jingine.

Jambo la kwanza la kutazama kwa anayenunua ni kibandiko kilicho chini au nyuma ya mashine, ambako huandikwa volti na mizunguko ya umeme. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230 na Kenya wa volti 240, yote kwa mizunguko 50. Oman na Falme za Kiarabu hutumia umeme wa kadiri hiyo na plagi ile ile ya miguu mitatu bapa, kwa hiyo mashine iletwayo na jamaa kutoka Maskati au Dubai huingia ukutani na kufanya kazi bila taabu. Hali ni nyingine kwa zawadi ya ndugu aliyeko Marekani, ambako umeme ni wa volti 120 na mizunguko 60, au kwa ile iliyotoka Japani kwenyewe, ambako ni volti 100: mashine hizo zikichomekwa moja kwa moja huungua papo hapo, na hata zikitiwa transfoma, ambayo ni nzito na ina bei yake, transfoma hupunguza volti tu na haibadili mizunguko, basi mota nyingine huenda polepole kuliko zilivyokusudiwa. Mpende ndugu yako, lakini mwandikie mapema kwamba ni bora alete kitu kingine.

Jambo la pili ni programu, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa na wingi. Sanduku huandikwa kwamba mashine ina programu 12, au 15, au 19, zikiwamo za jemu na za mtindi, na mteja hudhani kwamba iliyo na nyingi ndiyo bora. Ninazokushauri uzitafute ni tatu tu: ya mkate wa kawaida, ambayo huchukua saa tatu hadi nne tangu kukanda hata kuoka, ya donge peke yake, ambayo hukanda na kuumua kwa kiasi cha saa moja na nusu kisha ikasimama, na ya kuoka peke yake, ambayo hutia moto bila ya kukanda. Mbili za mwisho ndizo ninazozithamini kuliko zote, kwa sababu mwenye nazo ameuondoa uamuzi wa kuumua katika mkono wa saa na kuutia katika jicho lake mwenyewe: hukanda kwa programu ya donge, hulitazama donge likipanda, na liishapo kufika kadiri yake huamuru moto uwake, iwe ni baada ya dakika 40 kwa sababu ya joto la Kaskazi au baada ya saa mbili kwa sababu ya baridi ya Julai. Mashine isiyokuwa na programu ya kuoka peke yake, hata ikiwa nzuri ya sura na rahisi ya bei, mimi nisingemshauri mtu wa nchi zetu kuinunua.

Ukubwa haunishughulishi sana. Zinazooka hadi kilo 1 zinatosha nyumba ya watu watano au sita, na pia hukubali mkate mdogo wa gramu 500, ilhali ndogo haiwezi kuoka mkubwa. Kioo juu ya kifuniko ni pambo zuri, lakini kwa kuwa hufunikwa na mvuke wakati unapokihitaji, muhimu zaidi ni kifuniko chenyewe kifunguke kwa wepesi mashine ikiwa kazini. Uliza kama ina kumbukumbu ya umeme, yaani kama umeme ukikatika kwa dakika chache itaendelea pale ilipoachia. Nyingi hustahimili dakika 10 hivi, nyingine hazistahimili hata moja. Kisha uliza, na usione haya kuuliza mara mbili, kama muuzaji anavyo vibapa na vyombo vya akiba kwa mfano ule ule, kwa sababu sanduku lile na mota yake hudumu miaka mingi, bali kibapa hupotea na chombo huchakaa. Anayenunua iliyokwisha tumika akitie chombo maji hadi nusu, akiweke juu ya gazeti kavu kwa nusu saa, kisha akiinue: gazeti likiwa na duara la maji, mpira wa chini umekwisha, na maji hayo siku moja yatafika kwenye mota.

Tukiingia jikoni, tuanze na unga. Mkate huumuka kwa sababu protini ya ngano ikilowa na kukandwa hufanya utando unaovutika, na pumzi inayotolewa na hamira hunaswa katika utando huo. Tazama nyuma ya mfuko palipoandikwa kiasi cha protini katika gramu 100. Unga wenye gramu 11 au zaidi hufanya mkate wa mashine uliosimama, na wenye 9 hufaa keki na biskuti. Unga uliokwisha kutiwa baking poda kiwandani uepuke kabisa kwa kazi hii. Unga wa ngano usiokobolewa hunywa maji zaidi na hutoa mkate mzito, kwa hiyo mwanzoni uchanganye nusu kwa nusu na mweupe. Ama unga wa mtama, uwele au muhogo, ambao wazee wetu walioka nao mikate yao pasipo kuhitaji ngano, una ladha njema lakini hauna ule utando, basi katika mashine usizidishe sehemu moja kwa tano ya unga wote.

Hamira ni kiumbe hai, na hushughulika au hulala au hufa kwa kadiri ya joto. Baridi ya friji huilaza bila kuidhuru, joto la jikoni huiamsha, na maji yakifika nyuzi 60 hivi huiua. Pakiti ndogo za gramu 10 au 11 zinazouzwa madukani ni zaidi ya mahitaji ya mkate mmoja; iliyobaki itie katika kichupa kikavu chenye kifuniko cha kubana, ukiweke kwenye friji, kwa sababu pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kwenye rafu ya pwani hupoteza nguvu kwa haraka sana. Ukiitilia shaka, itie kijiko kimoja cha chai katika nusu gilasi ya maji vuguvugu yenye sukari kidogo: baada ya dakika 10 sharti pawe na povu lililoinuka, na lisipoinuka usipoteze unga wako.

Kipimo cha kuanzia, kwa mashine inayooka hadi kilo 1, ni hiki: unga gramu 500, maji mililita 300, mafuta vijiko viwili vya chakula, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, na hamira ya punje ndogo kijiko kimoja na nusu cha chai. Unga upimwe kwa mizani wala si kwa kikombe, kwa sababu kikombe kile kile kikichotwa kwa kupuliziwa hewa hubeba gramu 120 na kikishindiliwa hubeba 150, na tofauti hiyo ikirudiwa mara nne ndiyo inayogeuza mkate kuwa tofali. Katika mashine nyingi maji na mafuta hutangulia, unga hufuata na kuyafunika yote, chumvi na sukari huwekwa kila kimoja pembeni mwake, na hamira hutiwa mwisho katika kishimo kilichochimbwa kwa kidole juu ya unga, mahali pasipofikiwa na maji. Lakini zipo mashine ambazo waliozitengeneza hutaka hamira itangulie chini kabisa, basi fuata kijitabu cha mashine yako katika utaratibu huu, hata ukikiacha katika mengine.

Sasa nafika penye dakika ambazo ningependa kila mwenye mashine ajizoeze kuzikaa jikoni. Mashine ikianza, kwa muda hutaona ila vurugu la unga mkavu na vipande vilivyolowa, na mkono utakuwasha kuongeza maji; usiongeze. Ngoja hadi dakika ya saba au ya nane, ndipo uinue kifuniko utazame. Lililo sawa ni donge moja la mviringo, limekusanya unga wote wa pembeni, linazunguka na kibapa huku likigusa ukuta na kuuacha, na chini yake pana alama ndogo ya unyevu. Ukiligusa kwa kidole hulegea, hunata kidogo, kisha humwachilia mgusaji na kidole kikatoka kisafi. Likiwa limegawanyika mawili, au limekwaruzika uso, au mashine inagonga kwa sauti nzito na kusogea mezani, donge lina kiu: lipe maji kijiko kimoja cha chai, ungoje dakika nzima, utazame tena, kwa sababu maji huchukua muda kuingia na mwenye haraka hutia mara mbili kilichohitajika mara moja. Likiwa limelala chini kama uji mzito na kujipaka kutani, nyunyiza unga kijiko kimoja cha chakula, nalo ungoje. Ukiona unga umebaki katika kona, usukume kwa mwiko wa mpira, mwiko wa mti pia wafaa, chuma kamwe. Kazi hii yote haizidi dakika tano, na mtu akiifanya kwa mikate michache jicho lake huzoea kiasi kwamba hutambua kosa kabla hajagusa.

Lakini donge likiwa sawa kwa maji, bado lina shauri la joto, na hili ndilo linalowatesa watu wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Vijitabu vingi hukadiria chumba chenye nyuzi 20 hivi. Donge hupenda kuwa na nyuzi 24 hadi 27 litokapo katika kukandwa, na kukandwa kwenyewe huliongezea joto kwa msuguano; sasa katika jiko lenye nyuzi 32, ambamo unga, maji na chombo vyote vina nyuzi 32, donge huanza likiwa limekwisha kupita mpaka. Hamira hufanya katika dakika 40 kazi iliyopangiwa zaidi ya saa moja, donge hupanda, hufika kileleni, hukosa nguvu ya kujishikilia, na moto unapowaka hukuta linashuka: huo ndio mkate uliobonyea utosi, na watu huulaumu unga. Dawa yake ni nyepesi. Tumia maji ya friji, na siku za Kaskazi badili sehemu ya maji kwa barafu iliyopondwa, ukiipima kwa uzito ule ule. Unga nao waweza kulala friji usiku mmoja. Hamira ipunguze hadi kijiko kimoja cha chai. Chumvi usiipunguze bila sababu ya afya, kwa kuwa ndiyo inayoizuia hamira isikimbie na ndiyo inayoutia nguvu ule utando. Kadhalika, kwa vile unga wa pwani umekwisha kunywa unyevu wa hewa, punguza maji ya kipimo kwa kijiko kimoja au viwili. Wapo pia wanaotumia programu ya haraka katika siku za joto kali, nami nawaunga mkono, maadamu wasiongeze hamira kama kijitabu kinavyoagiza kwa programu hiyo, kwa sababu joto la jiko limekwisha kufanya kazi ambayo hamira ile ya ziada iliwekewa.

Nyanda za juu huleta mas'ala ya namna nyingine. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Mbeya karibu 1,700, na huko uzito wa hewa inayolikandamiza donge umepungua kwa kiasi cha sehemu moja kwa tano, basi pumzi ile ile ya hamira hulitanua zaidi. Juu ya hayo hewa ni kavu na unga una kiu. Mwokaji wa huko naye hupunguza hamira, kwa robo hivi, lakini kinyume cha mwenzake wa pwani huongeza maji kijiko kimoja au viwili, na katika miezi ya Juni na Julai huyatumia yakiwa vuguvugu, kadiri ambayo yakimwagwa juu ya kiwiko hayahisiwi kuwa ya moto wala ya baridi.

Umeme ukikatika, usikimbilie kutupa. Ukikatika katika kukanda, anza upya urudipo. Ukikatika katika kuumuka, acha kifuniko kimefungwa, donge litaendelea na kazi yake bila ya kumhitaji mtu, na umeme ukirudi likiwa limejaa, tumia programu ya kuoka peke yake kwa dakika 50 hadi 60. Na usiporudi, litoe, ulitie katika sufuria iliyopakwa mafuta, ulipalie makaa juu na chini kama mama zetu walivyooka mkate wa mayai na mkate wa kumimina kabla nyaya hazijafika mitaani. Au likate vipande uvikaange, nyumba itapata maandazi.

Programu ya donge peke yake, kwa maoni yangu, ndiyo inayoilipa mashine bei yake katika nyumba za pwani, kwa sababu mlo wetu wa asubuhi hauishii katika mkate wa kukata. Gramu 500 za unga, tui zito mililita 260 lililopozwa, sukari gramu 100, mafuta au samli kijiko kimoja, iliki iliyotwangwa, na hamira vijiko viwili vya chai, kwa sababu sukari nyingi huichelewesha: vitie usiku au alfajiri, na baada ya saa moja na nusu donge la mahamri liko tayari kwa kusukumwa na kukaangwa, pasipo mtu kuumiza mabega. Donge hili liwe gumu kidogo kuliko la mkate, ama sivyo mahamri hunywa mafuta. Mkate wa ufuta nao hupata faida, kwani rojo lake laini linalotaka kupigwa kwa muda mrefu hupigwa na kibapa mpaka livutike, na kazi ya mkono ikabaki kule kunakostahili, katika kulitandaza chumani na kulinyunyizia ufuta.

Saa ya kuchelewesha, ambayo humwezesha mtu kutia vitu usiku na kuukuta mkate asubuhi, hupendwa sana mwezi wa Ramadhani: mtu akitoka tarawehe hupanga, naye huamkia daku mkate ukiwa moto. Itumie kwa masharti. Usitie maziwa ya maji wala mayai, kwa kuwa hayafai kukaa saa nyingi katika joto letu. Tumia maji na maziwa ya unga. Hakikisha hamira imekaa juu pakavu. Tumia maji ya baridi kabisa, na kwa pwani muda wa kungoja usizidi saa sita. Kwa kuwa dakika ya nane ya kutazama donge itapita wewe umelala, tumia kipimo ulichokwisha kukithibitisha mara kadhaa mchana, usijaribu kipya.

Mkate ukiiva utoe upesi, ndani ya dakika 10, kwa sababu ukibaki chomboni mvuke wake hurudi na kulilowesha ganda. Uweke juu ya wavu, uungoje saa moja kabla ya kuukata. Najua ni vigumu harufu imejaa nyumba, lakini moyo wa mkate bado unajikaza na kisu huuponda. Friji huufanya mkate mkavu na mgumu kuliko ukikaa mezani; utakaoliwa leo na kesho ufunike kwa kitambaa, na unaobaki ukate vipande uuweke kwenye friza, kwa sababu katika unyevu wa pwani siku ya tatu ukungu huwa umekwisha kuutembelea.

Kasoro nyingine zitajieleza zenyewe kwa aliyeyashika haya. Mkate mfupi na mzito umekosa maji au hamira yake imekufa. Uliofura na kumwagika juu ya chombo umezidi hamira au maji. Wenye mashimo makubwa na chini yake pamesongamana umekaa mno katika kuumuka. Katika kila hali badili jambo moja tu kwa mkate unaofuata, na uliandike katika daftari pamoja na saa ya siku na hali ya hewa, kwa maana aliyebadili matatu kwa mara moja hatajua lililomponya.

Mashine iwekwe mbali na ukingo wa meza, maana katika kukanda hutembea, na mbali na mikono ya watoto, maana mvuke wa kifuniko huunguza. Chombo kioshwe kwa maji vuguvugu na kitambaa laini, bila waya wa kusugulia masufuria, na kisitumbukizwe chote ndani ya maji, kwa sababu maji huingia chini kwenye beringi na kuitia kutu. Kibapa kikigoma kutoka, kitie chombo maji ya moto kiasi cha kukifunika, ukiache robo saa, kisha ukizungushe kwa mkono. Ukitangulia kukipaka tone la mafuta kabla ya kila mkate, hakitagoma tena. Na siku utakapoona doa la kahawia chini ya chombo, au ukasikia mota inakwaruza mahali ilipokuwa ikivuma, nunua chombo kingine wakati huo huo, kabla unyevu haujashuka katika mota, ambayo kuitengeneza hugharimu karibu sawa na kununua mashine mpya.